Kurekebisha Kiboti cha Petroli cha Rimoti katika Nyanda za Juu za Karagwe na Kyerwa

Swali linaloulizwa zaidi na wanaojenga viboti vya mwendo kasi vyenye injini ya petroli huwa na sura moja: kiboti kinawaka, kinanguruma na kutoa moshi wa kutosha, lakini kikiwekwa majini hakifiki kasi iliyotarajiwa, au kinafika mara moja kisha injini inanoki. Muulizaji mara nyingi amekwisha kujijibu, naye anataka tu kuambiwa anunue ekzosi gani au apanue tundu lipi la silinda. Makala hii inapendekeza mpangilio tofauti, yaani kurekebisha kwanza kilichopo na kubadilisha vifaa baadaye, kwa sababu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa sehemu kubwa ya kasi inayokosekana hupotea kwenye hewa, mafuta na propela kabla ya kupotea kwenye injini.

Injini inayozungumziwa

Viboti vingi vya aina hii duniani hutumia injini ya mipigo miwili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 23 hadi 30, na ile ya 26 ndiyo iliyozoeleka zaidi. Injini ya mipigo miwili ni ile inayokamilisha kazi yake katika mzunguko mmoja wa krenki na kulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Asili yake ni mashine ya kukatia nyasi. Injini za Zenoah za Japani, ambazo zimekuwa kipimo cha mchezo huu kwa miaka mingi, zilitokana na mashine hizo. Kwa hiyo fundi wa misumeno ya mnyororo anayeifahamu kabureta yake tayari anajua nusu ya kazi. Fundi wa bodaboda naye anaweza, ila ajihadhari, kwa kuwa pikipiki nyingi zinazopita Kayanga, Omurushaka na Nkwenda ni za mipigo minne, ambazo oili yake hukaa peke yake chini ya injini, na mazoea hayo yamefanya watu wamimine petroli tupu kwenye injini ya mipigo miwili na kuiua kwa dakika chache.

Atakayetoa injini kwenye mashine ya nyasi na kuipandisha kwenye kiboti azingatie tofauti tatu:

- Mashine ya nyasi hupozwa na feni, na feni hiyo haipati hewa ya kutosha ndani ya kiboti kilichofunikwa. Silinda yenye koti la maji, yaani nafasi ya kupitishia maji kuizunguka, ni ya lazima.
- Klachi ya mashine ya nyasi huondolewa, na ekseli huungwa moja kwa moja. Matokeo yake ni kwamba propela huzunguka tangu injini inapowaka, hivyo kiboti kiwashwe kikiwa kwenye kishikizo imara na mikono ya watu ikiwa mbali na mkia.
- Plagi iwe na herufi R katika namba yake, ikionyesha kwamba ina kizuizi cha kupunguza kelele za umeme zinazovuruga mitambo ya rimoti.

Hewa ya mlimani

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda kutoka Kyaka kwenda Bugene huingia katika vilima ambavyo sehemu nyingi hukaribia au kupita mita 1,500. Kadiri nchi inavyoinuka ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kanuni ya makadirio inayotumiwa na mafundi ni kwamba injini isiyo na kipuliza hewa hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Injini iliyopimwa nguvu yake pwani itakuwa imepungukiwa kwa takriban asilimia 15 ikifika mita 1,500, hata kama ni mpya na haina kasoro.

Kupungua huko hakurudishwi kwa skrubu. Kinachoweza kurekebishwa ni uwiano, kwa kuwa kabureta iliyowekwa sawa pwani huendelea kutoa petroli karibu ileile huku hewa ikiwa imepungua, na hivyo mafuta huzidi. Dalili zake ni moshi mwingi, plagi nyeusi yenye umajimaji, uzito wakati wa kufungua mafuta, na sauti ya kukatakata kwenye kasi ya juu, kana kwamba injini inaruka mpigo mmoja kila baada ya mwingine. Dawa yake ni kupunguza mafuta kidogo kwa utaratibu utakaoelezwa.

Hatari kubwa iko upande wa pili. Kiboti kilichorekebishwa Karagwe kisha kikapelekwa Dar es Salaam au Tanga kitakutana na hewa nzito, uwiano utageuka na hewa itazidi. Injini ya namna hiyo huenda vizuri ajabu kwa dakika chache, kali kuliko ilivyowahi kuwa, kisha pistoni inakwaruza silinda. Anayeshuka ndiye anayeunguza injini, na mara nyingi huunguza siku ileile anayojisifu. Hata kushuka kutoka vilima vya Karagwe hadi ufukwe wa Bukoba kunabadilisha hewa kwa asilimia kadhaa, kiasi cha kutosha kumlazimu mwenye kiboti aongeze mafuta kidogo kabla ya kukiachia.

Petroli na oili

Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara vijijini ina faida ya kupatikana na hasara ya kutojulikana. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa nchini hadi EWURA ikaanzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, lakini kinasaba hakisaidii kitu kwenye chupa iliyopita mikono mitatu. Mafuta ya taa huifanya injini igonge na kupata joto kupita kiasi. Jaribio rahisi ni kudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa: petroli safi hukauka upesi na kuacha alama hafifu au isiache kabisa, ilhali iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Jaribio lifanyike kabla ya oili kuongezwa, la sivyo doa litakuwa la oili.

Uwiano wa oili hufuata kitabu cha injini, na pale kitabu kilipopotea, vipimo hivi kwa lita moja ya petroli vitamsaidia msomaji:

- 25 kwa 1: mililita 40 za oili.
- 32 kwa 1: mililita 31.
- 50 kwa 1: mililita 20.

Kwa kiboti kinachokimbia kwa kasi ya juu muda wote, uwiano wa 25 kwa 1 ndio salama zaidi. Oili iwe ya mipigo miwili kwa injini zinazopozwa kwa hewa, yenye alama ya JASO FD, hata kama injini ya kiboti inapozwa kwa maji, kwa kuwa oili za injini kubwa za boti zenye alama ya TC-W3 zilitengenezwa kwa ajili ya injini zenye mzunguko mdogo na joto la chini. Oili ya pikipiki ya mipigo minne haifai kamwe.

Wapo wanaodhani kwamba kuongeza oili kunaongeza usalama bila gharama. Kila mililita ya oili inayoongezwa inachukua nafasi ya petroli ndani ya mchanganyiko unaopita kwenye tundu lilelile la kabureta, hivyo kuzidisha oili bila kugusa skrubu kunaifanya hewa izidi. Uwiano ukibadilishwa, kabureta nayo irekebishwe upya. Na petroli isivutwe kwa mdomo kupitia mpira, desturi iliyozoeleka mno. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kumlaza mtu hospitalini.

Kurekebisha kabureta hatua kwa hatua

Kabureta ya injini hizi, aina ya Walbro au mfano wake, ina ngozi nyembamba ya ndani inayopampu petroli kwa kutumia msukumo wa hewa kutoka kwenye krenki, na ina skrubu tatu. Yenye herufi L huongoza mafuta ya mwendo wa chini, yenye H huongoza mafuta ya kasi ya juu, na ya tatu hushikilia mwendo wa injini inapoachwa bila kufunguliwa mafuta. Kuzungusha L au H kwa upande wa mshale wa saa ni kupunguza mafuta, na kinyume chake ni kuongeza.

1. Skrubu za L na H zifungwe taratibu hadi ziguse mwisho, bila kukazwa, kwa sababu ncha yake ni laini na ikiharibika hakuna marekebisho yatakayoshika. Kisha kila moja ifunguliwe mzunguko mmoja na robo hadi mmoja na nusu, isipokuwa kama kitabu kinaagiza vingine.
2. Injini iwashwe, na ndani ya sekunde chache kiboti kiwekwe majini. Kurekebisha kasi ya juu kikiwa nchi kavu ni kazi bure, kwa kuwa propela haina mzigo na koti halina maji.
3. L irekebishwe kwanza. Mafuta yakifunguliwa ghafla na injini ikasita kisha ikazima, hewa imezidi. Ikivuta kwa uzito huku ikitoa moshi, mafuta yamezidi.
4. Skrubu ya tatu ifuatie, hadi injini itulie bila kuzima na bila kukisukuma kiboti kwa nguvu.
5. H iwe ya mwisho. Kiboti kianze mafuta yakiwa yamezidi kidogo, kikimbizwe kwa kasi yote mizunguko miwili au mitatu, kirudishwe, skrubu ipunguzwe kwa kipimo kisichozidi moja ya nane ya mzunguko, kisha kirudi majini.
6. Kasi inapoacha kuongezeka, skrubu irudishwe nyuma kwa kipimo kilekile cha moja ya nane. Kasi inayopotea hapo haionekani kwa macho, na silinda inayookolewa ni ghali.

Ikiwa skrubu zinazungushwa na injini haijali, tatizo si skrubu. Msomaji achunguze kwanza mpira wa petroli uliopasuka, kichujio cha ndani ya tangi, gasketi kati ya kabureta na silinda inayovuta hewa ya wizi, na ile ngozi ya kabureta, ambayo hukakamaa mashine ikikaa miezi kadhaa na petroli ndani.

Kusoma plagi

Plagi haisemi ukweli ikiwa injini imeachwa ingurume ufukoni kabla ya kufunguliwa. Baada ya nusu dakika ya kasi yote, injini izimwe ikiwa bado kwenye kasi hiyo na kiboti kivutwe kwa kamba au mtumbwi, kisha plagi ifunguliwe. Rangi inayotafutwa ni ya kahawa iliyokaangwa kiasi, ambayo mtu wa Karagwe hahitaji kuelekezwa. Nyeusi yenye unyevu ni mafuta yaliyozidi, na nyeupe ya chokaa, hasa yenye vitone vinavyometameta, ni onyo la kusimamisha kazi mara moja, kwani vitone hivyo huenda ni aluminiamu ya pistoni.

Propela kabla ya ekzosi

Mwenye fedha za kifaa kimoja tu anunue propela. Katika propela za Octura zinazotumiwa sana, namba yenyewe hueleza umbo: X467 ina kipenyo cha milimita 67 na hatua mara 1.4 ya kipenyo hicho, na hatua ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 67 mara 1.4 ni takriban 94, na kwa mizunguko 14,000 kwa dakika propela ingesonga mita zipatazo 1,313, yaani karibu kilomita 79 kwa saa. Ukiondoa asilimia 15 za kuteleza hubaki kilomita 67.

Hesabu hiyo inafichua kosa linalofanyika sana mlimani. Injini iliyopungukiwa nguvu haiwezi kuizungusha propela ileile kwa mizunguko ileile, na mjenzi anayeona kasi imeshuka huweka propela kubwa zaidi akitumaini kuongeza, hali ambayo inaibana injini, inaipandisha joto na kupunguza kasi tena. Katika mwinuko wa Karagwe propela ishuke kwa milimita mbili au tatu za kipenyo, injini ifike kwenye mizunguko yake, na mara nyingi kiboti kitaenda kasi zaidi na propela ndogo.

Propela mpya inolewe kingo zake na isawazishwe uzito, ili ikiwekwa kwenye pini laini isiangukie upande mmoja. Zile za rangi ya shaba mara nyingi zina berili, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Zinolewe kwa msasa wa maji, nje ya nyumba, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, na watoto wawe mbali.

Ekseli ya waya uliosokotwa nayo hufupika kidogo inapobeba mzigo, hivyo kati ya kishikio cha propela na mwisho wa mhimili iachwe nafasi ya milimita 4 hadi 6. Isipoachwa, ekseli itavuta krenki na kuharibu beringi. Grisi iwekwe upya kila siku ya kukimbiza.

Ekzosi na mabadiliko mengine

Ekzosi maalumu ya mipigo miwili, iliyotanuka katikati na kubana mwishoni, hurudisha wimbi la hewa kwenye tundu la silinda na kuzuia petroli mbichi isitoke. Urefu wake ndio unaoamua nguvu inatokea wapi: ndefu hutoa nguvu kwenye mizunguko midogo, fupi kwenye mizunguko mikubwa. Kwa injini ya 26, kipimo cha kuanzia ni takriban sentimita 33 kutoka kwenye plagi hadi sehemu pana zaidi ya bomba, na kuanzia hapo bomba likatwe milimita 5 kwa mara moja huku kabureta ikirekebishwa kila baada ya kukata, kwa sababu bomba jipya hubadilisha mahitaji ya mafuta. Kilichokatwa hakirudi, hivyo mjenzi aanze na bomba refu.

Mabadiliko yasiyopendekezwa kwa mwanzo ni kupanua matundu ya silinda kwa msasa wa umeme. Tundu la ekzosi likipandishwa hata milimita moja hubadilisha tabia yote ya injini, na ringi hunasa kwenye ukingo usiolainishwa. Je, si afadhali basi kufunga injini kubwa zaidi? Injini kubwa huleta uzito, na uzito ukikaa mahali pabaya hufuta faida yake. Katika kiboti chenye umbo la V, kitovu cha uzito kiwe kwenye takriban asilimia 30 ya urefu kutoka nyuma, yaani sentimita 36 kwa kiboti cha mita 1.2. Kitovu kikiwa mbele mno kiboti kinalima maji, kikiwa nyuma mno pua inaruka na kiboti kinapinduka.

Maji ya kupoza

Maji huchotwa na kibomba kilicho kwenye usukani, nyuma ya propela, na kusukumwa na mwendo wenyewe. Mto Kagera na madimbwi ya mafunjo yana matope na magugu maji, hivyo kibomba kiwe na chujio na kipulizwe kila baada ya mbio. Maji yanayotoka ubavuni yawe vuguvugu. Yakitoka na mvuke au yakakatika, kiboti kisimamishwe. Kwa upande wa hewa, injini ya kiboti kwa kawaida haina kichujio, jambo linalofaa majini lakini si nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi: mdomo wa kabureta uzibwe kwa kitambaa safi wakati wa safari, na kitambaa hicho kiondolewe kabla ya kuwasha.

Rimoti

Rimoti ya gigahezi 2.4 inatosha. Iwe ya aina iliyoidhinishwa na TCRA. Antena za kipokezi zikae juu ya usawa wa maji na mbali na koili ya moto, na mpangilio wa dharura uwekwe ili mawasiliano yakikatika usukani ukae katikati na mafuta yafungwe. Mpangilio huo ujaribiwe kwa kuzima rimoti kiboti kikiwa kwenye kishikizo. Asiyefanya jaribio hili asikiachie kiboti chake.

Mahali pa kukimbizia

Wilaya hizi zina maji mengi, lakini machache yanayofaa. Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya Burigi, Ibanda na Rumanyika yaliingizwa katika hifadhi za taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na hakuna kuingia humo na kiboti bila kibali cha TANAPA. Mto Kagera una mkondo, una viboko na mamba, na kwa Kyerwa ndio mpaka na Rwanda na Uganda, hivyo kiboti kilichozimika hapo kinaweza kuishia nchi nyingine huku mwenyewe akikitazama. Panapofaa ni lambo la mifugo lililo wazi, kwa ruhusa ya wenye lambo na serikali ya kijiji, saa ambazo ng'ombe hawanywi. Maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho, kwa hiyo kiboti kilichozimika kifuatwe kwa mtumbwi au kamba ya kurushwa, si kwa kuogelea. Petroli ijazwe mbali na ukingo, juu ya beseni, kwani watu na mifugo watakunywa maji hayo kesho.

Kikipinduka

Ndani ya kiboti kuwe na boya la kukizuia kuzama. Boya jeupe la vifungashio vya televisheni lisitumike, kwa kuwa petroli huliyeyusha; chupa tupu za plastiki zilizofungwa vizuri hufanya kazi hiyo. Injini iliyokunywa maji isivutwe kamba ya kuwashia plagi ikiwa ndani, maana maji hayabanwi na fimbo ya pistoni itapinda. Plagi itolewe, kiboti kigeuzwe tundu la plagi likitazama chini, kamba ivutwe taratibu hadi maji yaishe, petroli yenye oili imiminwe kidogo ndani ya silinda, plagi kavu irudishwe na injini iwashwe palepale lamboni huku ikipata maji ya kupoza. Ikiachwa hadi jioni na maji ndani, kutu itakuwa imekwisha kuanza kwenye beringi za krenki.